Karabai, globu, tyubulaiti, LED, kimulimuli: mwanga ni uleule, ila kila taa inauzalisha kivyake (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye nyuzi za humu jukwaani kuhusu sola na umeme wa nyumbani kuna swali halikauki: kwa nini globu ya zamani ukiigusa inakubabua vidole, lakini taa ya LED yenye mwanga uleule unaishika bila shida? Jibu linalotolewa siku zote ni kwamba "LED inakula umeme kidogo". Sawa, lakini hayo ni matokeo. Sababu yenyewe iko ndani kabisa ya kile kinachowaka, na ukiielewa hutaiangalia taa yoyote kwa jicho la mazoea tena. Nafundisha fizikia na hii ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Tuanze na mwanga wenyewe. Chembe yenye chaji ya umeme, hasa elektroni, ikitikiswa, au ikishuka kutoka hali yenye nishati kubwa kwenda yenye nishati ndogo, ile tofauti haipotei. Inaweza kutoka kama wimbi la umeme na usumaku. James Clerk Maxwell alipiga hesabu za mawimbi hayo miaka ya 1860, akakuta kasi yake inalingana na kasi ya mwanga ambayo wenzake walikuwa wameshaipima. Akahitimisha kwamba mwanga nao ni wimbi la aina hiyo. Kasi yake kwenye ombwe (mahali pasipo hata hewa) ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu 1983 mita yenyewe inapimwa kutokana na kasi hiyo. Mawimbi ya redio, ya simu, miale ya eksirei hospitalini, yote ni jamii moja na mwanga. Yanatofautiana kwa urefu wa wimbi tu. Jicho la binadamu linaona kipande kidogo mno, kuanzia kama nanomita 400 (zambarau) hadi 700 (nyekundu); nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Wimbi peke yake halikutosha kueleza kila kitu. Desemba 1900 Max Planck alikuwa anahangaika na rangi za kitu kinachopata moto: chuma kikianza kuiva kinakuwa chekundu, kikizidi kinakuwa cha machungwa, kikizidi tena kinaelekea weupe. Hesabu zilikubali pale tu alipochukulia kwamba nishati inatoka kwa mafungu mafungu. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe unasafiri kwa mafungu hayo, ambayo leo tunayaita fotoni. Wimbi likiwa fupi, fungu lake lina nishati kubwa zaidi. Fotoni ya bluu inaizidi ya nyekundu. Mlishike hilo, maana LED nzima imesimama juu yake.

Sasa taa zenyewe.

Njia kongwe ni joto. Kitu kigumu kikipata moto wa kutosha, chembe zake zinatikisika ovyo, kila moja kwa namna yake, na mwanga unatoka wa rangi zote kwa mkupuo. Washa mshumaa, kisha pitisha kijiko cha bati kwenye ile sehemu ya njano ya moto kwa sekunde mbili tatu. Kitatoka na masizi meusi. Masizi hayo ndiyo yaliyokuwa yanatoa mwanga! Ni vipande vidogo vya kaboni ambavyo havijaungua bado, vimepata joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na vinang'aa. Koroboi na chemli ni habari hiyohiyo. Jiko la gesi lililopata hewa vizuri halitengenezi masizi, ndiyo maana moto wake ni wa bluu hafifu na huwezi kuusomea.

Globu ya zamani ni mbinu ileile bila moto. Umeme unapita kwenye uzi mwembamba wa tangisteni mpaka unafika nyuzi joto kama 2,400 za selisiasi. Lakini kitu chenye joto hilo kinatoa sehemu kubwa ya nishati yake kama infraredi, ambayo jicho halioni na ngozi inaisikia. Kinachoonekana ni kama asilimia 5 tu. Wewe unalipa bili ya jiko dogo linalotoa mwanga kidogo pembeni, na vidole vyako vinakwambia hivyo.

Mtu atauliza, si wangeongeza joto? Uso wa jua una nyuzi kama 5,500 na ndiyo maana mwanga wake ni mzuri vile. Shida ni kwamba tangisteni inayeyuka kwenye 3,422, na kabla haijafika huko inaanza kuvukizwa. Chukueni globu iliyotumika miaka mingi, mwangalie ndani ya kioo: ule weusi ni tangisteni iliyotoka kwenye uzi na kuganda pale. Uzi unakonda, siku moja unakatika.

Njia ya pili ni tofauti kabisa, na hii unaweza kuiona jikoni leo jioni. Ukipika kitu chenye chumvi kwenye jiko la gesi kikafurika, moto wa bluu unageuka njano ya kukolea pale maji yalipodondokea. Hiyo ni sodiamu ya kwenye chumvi. Elektroni za atomu haziwezi kukaa popote. Zina daraja zake, kama vidato vya ngazi, na hakuna kusimama katikati ya kidato na kidato. Moto unaipandisha elektroni, inashuka, na umbali wa vidato alivyonavyo sodiamu unatoa fotoni ya nanomita 589, yaani ile njano. Kila elementi ina vidato vyake, kwa hiyo kila elementi ina rangi zake ambazo haiazimi kwa mwingine.

Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliligeuza jambo hili kuwa chombo cha upelelezi kule Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1859 na 1860. Kwa kuangalia mistari ya rangi peke yake walizigundua sizimu na rubidiamu. Kilichonivutia mimi zaidi kilikuja 1868: wakati wa kupatwa kwa jua na miezi iliyofuata, wanaastronomia waliona kwenye mwanga wa jua mstari wa njano ulio karibu sana na wa sodiamu lakini si wenyewe. Ilikuwa ni heliamu. Duniani ilikuja kutengwa na William Ramsay mwaka 1895. Yaani elementi ilijulikana kwenye jua miaka 27 kabla ya mtu kuishika maabara, kwa sababu ya mwanga tu.

Tyubulaiti inatumia njia hii. Ndani kuna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme unapandisha elektroni za zebaki, zikishuka zinatoa zaidi miale ya urujuanimno ya nanomita 254, isiyoonekana. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaimeza miale hiyo na kutoa mwanga tunaouona. Hakuna kitu cha kuchemshwa hadi kiive, kwa hiyo joto ni dogo.

LED naiacha kidogo, kuna mafundi humu najua watakuja.

#2 Mchangiaji

Mleta mada, uzi mtamu, nimeusoma wote. Mimi nimekulia Ukerewe, wazee wangu ni wavuvi wa dagaa. Nina swali moja. Koroboi inatumia mafuta ya taa, na karabai mafuta ya taa hayohayo. Lakini koroboi ni mwanga wa njano wa kubahatisha, karabai inawaka nyeupe unaiona kutoka kisiwa cha pili. Kama mwanga unatokana na masizi, karabai masizi yake yako wapi? Mbona haina?

#3 Mleta mada

Mkuu, umeuliza swali zuri kuliko yote ambayo yangeweza kuulizwa hapa. Karabai haina masizi kwa makusudi. Pampu inayasukuma mafuta, yanageuka mvuke, yanachanganyika na hewa na kuungua kwa moto wa bluu, safi na mkali, usio na mwanga wa maana. Kazi ya kuangaza imekabidhiwa kile kifuko cha kitambaa kinachoning'inia ndani ya kioo.

Kifuko hicho ni kazi ya Mwaustria mmoja, Carl Auer von Welsbach. Alipata hataza ya kwanza mwaka 1885, mwanga wake ukawa na ukijani na haukupendwa. Aliendelea kujaribu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890 akapata mchanganyiko uliokubali: oksidi ya thoriamu asilimia 99 na oksidi ya seriamu asilimia 1. Kitambaa kinalowekwa kwenye chumvi za madini hayo. Unapokichoma mara ya kwanza, nyuzi zinateketea zote na kinachobaki ni oksidi tupu yenye umbo la kifuko. Wazee wako wanajua: baada ya hapo ukikigusa hata kwa ncha ya kidole kinabomoka kama majivu, na mtumbwi ukipigwa na wimbi vibaya, karabai inazimika kwa sababu kifuko kimepasuka.

Ujanja uko kwenye zile oksidi. Masizi yanang'aa kwa rangi zote pamoja na infraredi nyingi, kwa hiyo yanapoteza joto haraka. Thoriamu haitoi infraredi nyingi, kwa hiyo kifuko kinabaki na joto kali karibu na la moto wenyewe. Seriamu ile kidogo ndiyo inayotoa mwanga unaoonekana, hadi upande wa bluu. Ukizidisha seriamu mwanga unapungua, kwa sababu nayo inaanza kumwaga joto nje. Auer aliufikia uwiano huo kwa kujaribu na kujaribu, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na nadharia ya kueleza kwa nini.

Na ukiwasha sigara au jiko kwa kiberiti cha gesi chenye kijiwe, cheche ile pia ni ya Auer, ya mwaka 1903: aloi ya chuma na seriamu. Wekeni jina la seriamu akilini, litarudi.

Tahadhari moja: thoriamu ina mnururisho hafifu. Watengenezaji wengi wa sasa wamehamia kwenye itriamu. Ukiwa na vifuko vya zamani, usipulize wala kuvuta vumbi lake, na osha mikono.

#4 Mchangiaji (wa Ukerewe)

Shukrani mkuu. Kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanatandaza nyavu kukausha na kushona, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mwanga umetapakaa ziwa zima. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED za betri na sola. Hakuna pampu, hakuna mafuta, upepo hauizimi. Mzee wangu aligoma mwanzoni, akasema mwanga ule ni wa baridi samaki hawaujui. Akaja kukubali mwenyewe alipoona wenzake wanarudi wamejaza.

#5 Mchangiaji

Mimi fundi redio na simu, naongezea la LED kutoka mezani kwangu. Ukiwa na LED za rangi mbalimbali, chukua chanzo cha umeme unachoweza kukipandisha taratibu, weka na rizista. Nyekundu inaanza kuwaka karibu na volti 2 au chini kidogo. Kijani inategemea aina. Bluu inagoma mpaka ukaribie volti 3. Na nyeupe inagoma palepale kwenye bluu. Miaka yote najua hivyo kama fundi, betri mbili zilizochoka zinawasha nyekundu, nyeupe haziwashi. Nilikuwa sijui kwa nini. Baada ya kusoma ile habari ya fotoni ya bluu kuwa na nishati kubwa, nimeelewa. Ni yenyewe?

#6 Mleta mada

Ni yenyewe kabisa, fundi! Umempima Planck kwenye meza yako. Wanafunzi wanahangaika na mlinganyo wake wa nishati ya fotoni kwenye karatasi na wewe unao kwenye rizista.

LED ni kipande cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme nusunusu) chenye pande mbili, upande mmoja una elektroni za ziada, mwingine una nafasi zilizo wazi. Umeme unazisukuma elektroni kwenye mpaka, zinaangukia kwenye zile nafasi, na kila mwanguko unaweza kutoa fotoni moja. Kimo cha mwanguko kinategemea kipande kimetengenezwa kwa nini. Kimo kifupi, nyekundu. Kimo kirefu, bluu. Volti unayoweka lazima itoshe kuinyanyua elektroni kimo hicho, ndiyo maana bluu inadai zaidi. Hakuna haja ya kuchemsha kitu mpaka king'ae, na hapo ndipo swali la mwanzo la uzi huu linapojibiwa. (Joto lipo: yale mabapa ya aluminiamu nyuma ya taa kubwa za LED yanalitoa, maana si kila mwanguko unazaa mwanga, lakini ni kidogo ukilinganisha na globu.) Globu ya wati 60 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 800. LED inakupa hizohizo kwa wati 8 au 9.

Nyekundu ilipatikana mapema. Nick Holonyak alionyesha LED ya mwanga mwekundu mwaka 1962 akiwa General Electric. Bluu ilisumbua miaka thelathini mingine, kwa sababu fuwele ya galiamu naitraidi ilikuwa ngumu kukuza bila kasoro, na kampuni nyingi zikakata tamaa. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kule Nagoya, Japani, na Shuji Nakamura aliyekuwa kampuni ya Nichia, hawakuacha. Walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kwa maoni yangu ni moja ya Nobeli zilizomfikia mtu wa kawaida haraka kuliko zote, kwa sababu bila bluu hakuna nyeupe, na bila nyeupe hakuna taa ya sola kijijini.

Nyeupe inatoka wapi? Zimeni tochi ya simu zenu, mwiangalie ile taa kwa karibu. Mtaona kijidoa cha njano, kama kiini cha yai. Chini yake kuna LED ya bluu. Ile njano ni unga unaomeza sehemu ya bluu na kutoa njano. Bluu iliyobaki ikichanganyika na njano jicho linasoma nyeupe. Ndiyo maana fundi aliona nyeupe inagoma palepale pa bluu: nyeupe *ni* bluu kwa chini.

Na unga huo kwa kawaida ni garneti ya itriamu na aluminiamu iliyotiwa kiasi kidogo cha seriamu, na seriamu ndiyo inayong'aa njano. Mwambie mzee wa Ukerewe kwamba taa aliyoiacha na taa aliyoipokea zote zinategemea elementi ileile. Kwenye karabai inafanya kazi kwa joto kali, kwenye LED inameza bluu na kushusha elektroni zake kidato, lakini ni seriamu kwa seriamu.

#7 Mchangiaji

Nimefurahi sana. Na kimulimuli je? Huyo hana betri wala moto. Halafu sisi wa pwani, ukipiga kasia usiku wa giza, kuna nyakati maji yanawaka bluu kila kasia linapoingia. Bibi alikuwa anatukataza tusiyachezee.

#8 Mleta mada

Njia ya tatu hiyo, kemia ya mwili. Kimulimuli ana kemikali iitwayo lusiferini kwenye tumbo lake. Ikikutana na oksijeni, kwa msaada wa kimeng'enya chake na ATP, ambayo ndiyo nishati ya kila chembe hai, elektroni zinabaki juu kisha zinashuka na kutoa mwanga wa njano ya kijani. Joto karibu hakuna. Kwa kuwa mwanga hautoki bila ATP, maabara wanatumia mchanganyiko huohuo kukagua kama vyombo vya chakula vimesafishwa vizuri: mabaki ya vijidudu na chakula yana ATP, yakiwepo kipimo kinawaka.

Kwenye bahari ni viumbe vya seli moja viitwavyo dinoflagelata. Vikitikiswa vinatoa mmweko wa bluu unaoisha chini ya sekunde. Bluu ina sababu yake pia: kwenye maji ya bahari ndiyo rangi inayosafiri mbali, nyekundu inamezwa mapema. Bibi hakukosea sana kuwa na tahadhari, maana baadhi ya jamii hizo zikizaliana kupita kiasi zina sumu inayoingia kwenye chaza.

#9 Mchangiaji

Jirani amevunja tyubulaiti ndani na kuna watoto. Hiyo zebaki ni hatari?

#10 Mleta mada

Ni kidogo, lakini iheshimuni. Watoto watoke, fungueni madirisha, mkae nje ya chumba kama dakika kumi. Msifagie kwa nguvu. Kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, futeni unga kwa kitambaa chenye maji, fungeni vyote kwenye chupa au mfuko imara.

#11 Mchangiaji

Kuna namna ya kujua taa ni ya aina gani bila kuifungua?

#12 Mleta mada

Ipo. Tafuta sidii ya zamani. Zima taa nyingine, ishike ule upande unaong'aa kwa mlalo, uangalie taa moja kupitia kwenye uso wake hadi rangi zitawanyike. Mistari yake midogo inaupasua mwanga kama mche wa kioo. Msifanye hivi na jua, litaharibu macho.

Globu ya uzi au mshumaa: rangi zinaungana bila pengo, nyekundu nyingi. Tyubulaiti: vipande vilivyotengana, kijani kimoja kikali sana, na katikati giza. LED nyeupe: bluu iliyosimama peke yake, kisha sehemu iliyofifia kati ya bluu na kijani, kisha kijani, njano na nyekundu vikiwa vimeungana. Hiyo iliyofifia ndipo bluu ya kipande inapoishia na kazi ya seriamu inapoanzia.

#13 Mchangiaji (fundi)

Nimejaribu sasa hivi na taa tatu za dukani. Mbili zimetoka kama ulivyosema. Ya tatu imeandikwa LED, "mwanga wa joto", na bluu yake ni ndogo sana, nyekundu imejaa. Ni feki?

#14 Mleta mada

Hapana fundi, hiyo ni LED halali. Wameongeza unga, na mara nyingi wanachanganya na unga mwingine unaotoa nyekundu, ili bluu nyingi zaidi imezwe. Inapoteza ufanisi kidogo, lakini kwa chumba cha kulala ningeichagua hiyo. Jaribu na ile taa ya machungwa ya barabarani kama bado ipo mtaani kwenu. Ni sodiamu ileile ya chumvi ya jikoni, na kama sidii yako ni safi, ona kama utaupata mstari wenyewe kwenye njano.

#15 Mchangiaji (fundi)

Ipo moja stendi. Naenda na sidii yangu.